Nusu ya Nyanchoka

Saa tisa na robo alasiri, Jumatatu ya tarehe 15 Machi 1971, Nyanchoka alitundika kikapu chake kwenye mizani ya Kampi ya Saba, na karani wa mizani akasoma kilo thelathini na mbili. Mvua ilikuwa imekwisha kuanza upande wa msituni. Wanawake waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walijifunika nailoni vichwani na kusogea karibu karibu. Karani aliandika, Nyanchoka akamwaga majani yake, akakipachika kikapu kitupu mgongoni na kushika njia ya nyumbani. Alikuwa amezikwa siku tisa zilizopita, siku ya Jumamosi, Nyansiongo, kwenye kipande cha ardhi cha shemeji yake.

Asubuhi ile Jerusa, mchumaji aliyekuwa karibu naye zaidi, alikuwa wa kwanza kumwona.

"Umechelewa," Jerusa alimwambia.

"Kulikuwa na tope," Nyanchoka akajibu, na wote wawili wakainama kuchuma.

Mume wake, Ratemo, alikuwa mlangoni mwa chumba namba kumi na mbili alipomwona akija. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na mitano, mrefu, aliyefunga vifungo vyote vya shati hata siku za jua. Mwaka 1966 mashine ya kusokota majani kiwandani ilikula vidole vitatu vya mkono wake wa kulia. Kampuni ilimpa barua ya shukrani na kumnyang'anya namba ya kazi. Tangu hapo chumba kilikuwa cha Nyanchoka. Sheria ya kampi ilikuwa fupi na kila mtu aliijua: chumba hufuata namba, na namba ikikoma jamaa wanatoka ndani ya siku saba. Ratemo alipika, akafagia, akateka maji, na saa kumi na nusu siku za Jumatatu na Alhamisi alikwenda kwenye holi ya kampi, penye masomo ya watu wazima, akakaa benchi la mbele na kuandika kwa mkono wa kushoto.

Nyanchoka alikufa Jumatano ya tarehe 3, saa nne asubuhi, katikati ya mstari, kiganja kikiwa kimejaa majani. Lori lilikuwa bado linawashwa kumpeleka nyumbani wakati Ratemo alipomfuata nyapara Kipsang nyuma ya kibanda cha mizani.

"Kipsang, ndugu yangu, nitilie alama daftarini."

"Alama ya nani?"

"Ya Mama Bitutu. Mpaka Juni tu. Mtihani ni Juni. Nikishafanya, nitatoka mwenyewe, hutanisukuma."

"Mzee, huyu mama amekufa. Nimembeba na hii mikono yangu."

"Najua. Mimi ndiye nimemfunga kidevu. Naomba alama tu."

Kipsang alikuwa mtu mwema, naye alipenda kuwaona wazee wakisoma. Akatia alama Jumatano ile, na Alhamisi, na siku zote za matanga. Kwa hiyo daftari la kampuni likasema kwamba Nyanchoka yuko kazini, na katika milima ile daftari la kampuni halikuwa kitu cha kubishana nacho. Nyanchoka mwenyewe hakubishana. Siku ya kumi na mbili alirudi.

Jioni ile Ratemo alimpakulia ugali na mboga za chinsaga. Nyanchoka alikaa kwenye kigoda chake bila kula, akitazama ukuta waliokuwa wameubandika magazeti ili kuzuia baridi.

"Baba Bitutu, hii shati umefua?"

"Nimefua."

"Kola bado."

Ratemo alilivua, akaenda kulifua tena.

Mwalimu wa holi aliitwa Kiptanui. Alikuwa kijana wa Sosiot aliyekuja kwa baiskeli, suruali akiwa ameibana kwa mpira miguuni. Yeye mwenyewe alikuwa akisoma kwa njia ya posta, na alichokisoma Jumapili ndicho alichokifundisha Jumatatu. Mwezi ule bahasha yake ilikuwa na kijitabu kuhusu viini vya atomu.

"Kuna viini vingine vimebeba mzigo kupita nguvu zao," alisema, chaki mkononi. "Haviwezi kukaa hivyo. Vinajivunja vyenyewe. Hakuna anayeviambia vunja. Ukivitia kwa moto, havikimbii. Ukivitia kwa barafu, havipunguzi mwendo."

Ratemo aliinua mkono. "Na meneja akiamuru visimame?"

Darasa likacheka.

"Hata meneja, Mzee," Kiptanui akasema. "Hii kitu haina meneja."

Akaandika ubaoni kwamba kiini kinapojivunja hutupa vitu vya namna tatu. Alfa ni chembe nzito, haifiki mbali, hata karatasi moja huizuia. Beta ni nyepesi kuliko alfa, hupita karatasi lakini bati huizuia. Gama si chembe, ni mnururisho mtupu, kama mwanga usioonekana, na ukitaka kuupunguza sharti uweke ukuta mnene wa madini ya risasi, nao hata hapo utapita kidogo. Kisha akasema kwamba kiini kikishatoa alfa au beta, kile kinachobaki si kile cha mwanzo tena. Kinakuwa kitu kingine, na vitabu hukipa jina lingine.

Ratemo alinakili yote, akapiga mstari chini ya neno la mwisho kwa rula.

Tarehe 23 Machi kikapu cha Nyanchoka kilikuwa na kilo kumi na sita. Karani alishuku mizani. Akatundika jiwe la kupimia, mizani ikasema kweli. Tarehe 31 kikapu kilikuwa na kilo nane. Nyanchoka alikuwa akichuma kutwa bila kupumzika, vidole vikienda kama zamani, lakini majani aliyoyachuma yalikuwa nusu ya majani, na mkono ulioyachuma ulikuwa nusu ya mkono. Tarehe 8 Aprili zilikuwa kilo nne. Jerusa ndiye aliyemletea Ratemo hesabu hizo, akisimama mlangoni bila kuingia, maana alikuwa na matope miguuni.

Nyumbani Ratemo aliona jambo hilohilo kwa namna yake. Kigoda hakikulia tena Nyanchoka alipokikalia. Naye alikuwa akitoa vitu, na Ratemo, kwa kuwa sasa alikuwa na elimu hiyo, aliweza kuvitenga. Cha kwanza kilikuwa manung'uniko ya kazi: mgongo, mbu, karani anayekata kilo za maji hata siku ya jua. Hayo yalikuwa mazito na yalianguka papo hapo. Ratemo akiinua daftari lake kusoma, hayakumfikia. Cha pili kilikuwa kikohozi. Kilipita daftari, kikapita magazeti ya ukutani, kikagonga bati la mlango na kuishia hapo. Cha tatu hakikuwa na sauti wala uzito. Kilipita kila kitu.

Osoro, mpishi wa meneja, alimweleza Ratemo walipokutana kisimani.

"Bwana siku hizi ikifika saa kumi na mbili u nusu anaweka uma chini. Ananiuliza, Osoro, kuna kitu kinachemka? Namwambia hapana, Bwana. Anakaa tu hivyo akitazama sahani. Memsahib amehamisha kitanda kwa kile chumba cha ukuta wa mawe."

"Imesaidia?"

"Kidogo," Osoro akasema.

Kiptanui alikuwa amewapa kazi ya kuchora mchoro wa kitu kinachopungua nusu kwa nusu. Ratemo alichora wake kwa penseli kali: siku chini, kilo pembeni, nukta nne, na mstari ulioteremka kama njia ya kushukia mtoni. Alhamisi ya tarehe 15 akaupeleka.

"Hii ni kazi safi, Mzee Ratemo," Kiptanui akasema. "Nusu-uhai, ule muda wa kupungua nusu, ni siku nane, nukta zote zimekaa. Umetumia kitu gani?"

"Mke wangu."

Kiptanui akaandika *Vizuri sana* kwa wino mwekundu.

"Mwalimu, na huu mstari utagusa chini siku gani?"

"Haugusi. Kila mara inabaki nusu ya iliyobaki. Inakuwa ndogo, inakuwa ndogo sana, lakini siku ya kusema sasa imeisha, hiyo kwa hesabu haipo."

Ratemo alirudi kwenye benchi. Mpaka siku hiyo alikuwa akisema moyoni kwamba amemkopa mke wake miezi mitatu, na kwamba Juni atamrudisha. Alikitazama kile kipande cha mstari kilichobaki juu ya ukingo wa karatasi, akaona ni kazi gani aliyomtafutia.

Jumamosi ya tarehe 24 Aprili, siku ya kilo moja, Nyanchoka aliingia na kukaa. Mwanga wa dirisha ulikuwa ukimpita ukaangukia ukutani, na Ratemo aliweza kusoma kichwa cha habari cha gazeti lililokuwa nyuma yake.

"Nyanchoka," alimwita.

Hakuitika.

"Nyanchoka."

Alikuwa akitazama mlango kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa. Ratemo akakumbuka lile neno alilolipigia mstari. Alijua jina moja tu jingine, la utotoni, alilowahi kulisikia kinywani mwa mama mkwe wake.

"Kerubo."

"Naam," mkewe akajibu haraka, kwa sauti ya msichana. Akamtazama. "Wewe ni nani, Mzee?"

"Mimi ni mume wa Nyanchoka."

"Simjui," akasema. Kisha, kwa kuwa alilelewa vizuri, akaongeza, "Msalimie."

"Nitamsalimia," Ratemo akasema.

Jumatatu kabla ya wachumaji kutoka, alikwenda kwa Kipsang.

"Kipsang, mfute."

"Nani?"

"Mama Bitutu. Andika hayupo. Siku tatu za hayupo zinatosha, anatoka kwa daftari."

Kipsang alivua kofia, akaikung'uta maji. "Ratemo, wewe uliniambia niandike yuko wakati hayuko. Nikaandika. Sasa yuko, wataka niandike hayuko? Mimi nimedanganya kampuni mara moja kwa hii maisha yangu, na ona ilileta nini. Na karani wa mizani ako na kilo zake. Mimi nikisema hayuko, kilo moja imetoka wapi?"

"Mtihani sitaki tena. Chumba sitaki."

"Basi enda kwa ofisi, umwambie karani mkuu. Mimi ni nyapara tu."

Ratemo hakwenda siku ile, kwa sababu jioni Kiptanui alifundisha sura ya mwisho ya kijitabu, na ilimpa matumaini. Mwalimu alisema kwamba si lazima kiini kingoje kujivunja chenyewe. Kiini kizito kikipigwa na chembe moja inayoitwa nyutroni, hupasuka, na kwa kupasuka hutoa nyutroni mbili tatu, nazo hupiga viini vingine, navyo hupasuka, na kwa muda mfupi nguvu iliyotoka yaweza kuuondoa mji. "Lakini lazima viwe vingi," alisema, "na viwe karibu karibu. Vikiwa vichache, au vikitawanywa, zile nyutroni zinatoka nje bure, na mambo yanaishia hapo."

Ratemo alimpelekea Jerusa habari hiyo vilevile alivyoisikia. Jerusa alikuwa mjane mwenye mabega mapana, na kwa miaka kumi na minane alikuwa amechuma akimsikia Nyanchoka akiimba nyimbo za kanisani upande wa pili wa chai.

"Ngoja kwanza," alisema. "Mimi nikiweka kikapu chini, hao wawili wa huku na huku wanaweka. Hao nao wanaambia wengine. Mpaka kampi nzima."

"Ndivyo kitabu kinavyosema."

"Na tunaweka chini mpaka wamwache mama wa watu alale."

"Ndiyo."

"Sasa hiyo ndiyo elimu, Baba Bitutu. Siyo ile ya kuandika *paka amekaa*."

Alhamisi ya tarehe 29, saa tatu asubuhi, Jerusa aliweka kikapu chini. Aliyekuwa kulia kwake akaweka, na aliyekuwa kushoto akaweka. Lakini Januari ya mwaka ule meneja alikuwa ameamuru wachumaji wapangwe kwa kuruka mistari miwili, ili wasipige soga, na maneno yalilazimika kusafiri mbali juu ya chai yakipigwa na upepo. Yalifika mstari wa saba yakiwa yamepungua. Mstari wa kumi mwanamke mmoja aliinuka, akanyoosha mgongo, akatazama huku na huku. Mstari wa kumi na tatu hakuna aliyesikia kitu. Nyanchoka mwenyewe, au Kerubo, hakuacha kuchuma hata kidogo.

Ijumaa Jerusa alihamishiwa shamba la kampuni lililo ng'ambo ya mto, upande wa Bomet. Alipita na godoro kichwani.

"Hatukuwa karibu ya kutosha," Ratemo akamwambia.

"Tulikuwa karibu," Jerusa akasema. "Walishatupima kabla, kwa ile mistari miwili."

Jumatatu ya tarehe 3 Mei Ratemo alifunga vitu vyake kwenye shuka, akafua shati, akalivaa likiwa na unyevu, na kwenda ofisini na ufunguo wa chumba namba kumi na mbili. Karani mkuu alikuwa mtu wa kwao, Mgusii, mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Narudisha chumba," Ratemo akasema. "Nyinyi mfuteni mke wangu."

Karani mkuu aliuchukua ufunguo na kuutundika msumarini. "Chumba tungekuandikia wiki hii. Mfanyakazi wa chini ya kilo kumi na mbili hastahili chumba. Umetupunguzia barua."

"Na jina?"

Karani mkuu akafungua daftari, akashusha kidole. "Huyu amefika kazini leo. Hajakosa hata siku moja. Nitamfuta kwa kosa gani?"

"Amekufa."

"Mzee wangu, hayo ni mambo ya chifu na serikali. Hapa ni ya kazi."

"Hana chumba, hana kilo, na bado ni mfanyakazi?"

"Ako nusu kilo," karani mkuu akasema, bila ubaya wowote, na akamwonyesha.

Ratemo aliondoka kwa lori la maboksi ya chai lililokuwa likienda stesheni ya Kipkelion, akashuka njia panda na kutafuta gari la kwao. Huko Nyansiongo, mdogo wake alimpa kibanda kilichokuwa cha ndama. Mtihani ulifanywa Juni bila yeye.

Mwaka 1975, mwezi wa Oktoba, alipata barua yenye nembo ya kampuni. Nyanchoka alikuwa ametimiza miaka ishirini na mitano ya utumishi, na jamaa yake aliombwa kuja kumpokelea zawadi. Ratemo alikuja kwa mkongojo. Meneja sasa alikuwa Mwafrika, kijana mwenye tai, msomi, mpole. Mbele ya wafanyakazi alisema kwamba katika miaka minne na nusu iliyopita, Kampi ya Saba nzima ilikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakuomba ruhusa, hakuugua wala hakulalamika, na aliwataka vijana wamwige. Watu walipiga makofi. Ratemo akapewa blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu.

"Bwana Meneja, ningeomba mumwachilie," alisema wakati wa kupeana mikono.

"Mzee, mfanyakazi kama huyu?" meneja akauliza, na mshangao wake ulikuwa wa kweli. "Wakiwa kumi kama yeye, ningelala usingizi."

Usiku ule Ratemo alilala kwa Osoro, na asubuhi ya Jumamosi, kabla ya gari lake kufika, alikwenda kusimama pembeni mwa mkutano wa wachumaji. Alikuwa amepiga hesabu nyuma ya ile barua. Tangu kilo zile thelathini na mbili, mke wake alikuwa amekatwa nusu mara mia mbili na tisa. Karatasi ilijaa sufuri kabla hajafikia namba yenyewe.

Nyapara mpya aliitwa Cherotich, mwanamke wa makamo mwenye sweta ya kanisa. Alikuwa akiita majina na kutia alama. Alipofika kwa jina la Nyanchoka alimfuata Ratemo alikokuwa, daftari likiwa limefunguliwa mkononi.

"Baba, ni wewe mume wake?"

"Ndimi."

Cherotich alipunguza sauti. "Hapa kwa mizani hakuna kitu inaonyesha tena. Siku hizi nasikiliza tu, alafu natia alama. Lakini wewe ndiye mtu wake. Sema hayupo, mimi naandika hayupo. Jumatatu na Jumanne naandika tena. Jumanne jioni ametoka kwa daftari, na meneja hatajua."

Wanawake walikuwa wametulia na vikapu vyao. Baridi ilikuwa kali, ukungu ukiwa bado umelala juu ya chai. Ratemo alikuwa amevaa koti, na juu ya koti alikuwa amejifunika blanketi lile, zito na jipya. Alifungua kinywa aseme neno aliloliomba kwa Kipsang, kwa karani mkuu na kwa meneja.

Kisha ile namna ya tatu ikampita. Haikuwa na sauti wala uzito. Ilipita blanketi, ikapita koti na shati lenye vifungo vyote, ikapita kifua, ikatokea mgongoni na kuendelea na safari yake kuelekea barabarani. Ilikuwa ndogo mno, lakini alikuwa ameishi nayo chumba kimoja miaka mingi, na hangeweza kuifananisha na ya mtu mwingine.

Cherotich alingoja, kalamu ikiwa juu ya karatasi.

"Yupo," Ratemo akasema.

Cherotich akatia alama, akaita jina lililofuata.